Eya klina na kalafati

Kazi yangu ni kuandika programu, lakini leo naomba tuweke kompyuta kando tuzungumzie vumbi. Siku hizi wenye magari wengi hapa Malindi na Kilifi wananunua eya klina za kuoshwa, zile za pamba iliyotiwa oili, na wote huuliza kama zinachuja vizuri. Kwangu mimi hilo ni swali la pili. La kwanza ni: ukingo wake umeziba?

Mafundi wa vyombo vya pwani walilijua hili zamani. Periplus, kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, kinataja bandari ya Rhapta, iliyopata jina lake kwa mashua za kushonwa. Watu wa Vasco da Gama, kabla ya kufika Malindi Aprili 1498, waliona Msumbiji vyombo visivyo na msumari, mbao zake zimefungwa kwa kamba. Na jahazi la misumari nalo haliingii majini mpaka litiwe kalafati, yaani pamba yenye mafuta ishindiliwe katika kila maungio. Ubao mzima hauvuji. Panapovuja ni pale ubao unapokutana na mwenzake.

Sasa tuje kwenye magari. Mwaka 1953 yalianza mashindano ya Safari, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. VW Beetle ilishinda 1954, 1957 na 1962. Enzi hizo Beetle nyingi, pamoja na Land Rover, zilichuja hewa kwa bakuli la oili: hewa inakata kona kali juu ya oili, vumbi linashindwa kupinda, linanasa. Baadaye ikaja karatasi iliyokunjwakunjwa, yenye mpira ukingoni unaobanwa na kifuniko cha boksi. Kisha mwaka 1969 Ken Johnson na Norm McDonald wakaanzisha K&N huko California, wakauza pamba yenye oili.

Pamba na mafuta, kama kalafati! Ila hii inapitisha hewa. Kazi ya kuziba imeachiwa ukingo. Ukingo ukiwa mwembamba kuliko ule wa kiwandani, injini inavuta hewa kupitia upenyo, kwa sababu huko ndiko rahisi. Na mchanga wetu una kwatzi, ngumu kuliko chuma cha silinda. Unasaga ringi polepole, gari linaanza kula oili, na gharama yake ni kufungua injini nzima. Ni kama kuweka fayawoli kali halafu ukasahau mlango mmoja wazi.

Ufanye nini? Futa boksi mpaka mahali ukingo unapokaa pawe safi. Linganisha unene wa ukingo mpya na wa zamani. Paka grisi nyembamba ukingoni, si kwenye pamba. Funga klipu zote, kisha kagua mpira wa bomba linaloelekea injini na vibano vyake. Oili ya pamba nayo isizidi, maana inachafua sensa ya hewa.

Ukishapita njia za vumbi za Ganze au Magarini, fungua boksi na ufute upande wa injini kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na vumbi jekundu, usilaumu pamba. Rudi kwenye ukingo.

Haya, wiki ijayo tunarudi kwenye kodi.