Fenfluramini

Fenfluramini ni dawa ya kupunguza hamu ya kula iliyotumika kutibu unene kuanzia miaka ya 1960. Nchini Marekani iliondolewa sokoni tarehe 15 Septemba 1997, baada ya kubainika kuwa inaharibu vali za moyo. Inajulikana zaidi kwa mchanganyiko wa fen-phen, ambamo ilimezwa pamoja na fentermini.

Historia

Dawa hii ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1963, na Marekani mwaka 1973 kwa jina la Pondimin. Kwa karibu miaka 20 haikuvuma, kwani wengi iliwaletea usingizi na kuharisha. Fentermini, iliyokuwepo Marekani tangu 1959, kinyume chake huchangamsha na kukosesha usingizi. Ndipo likaja wazo la kuzitumia pamoja kwa dozi ndogo ili kila moja ipoze makali ya mwenzake.

Mwaka 1992 Michael Weintraub wa Chuo Kikuu cha Rochester alichapisha utafiti wa watu 121. Katika majuma 34 ya mwanzo, waliopewa dawa zote mbili walipungua wastani wa kilo 14.2, waliopewa vidonge visivyo na dawa walipungua kilo 4.6. Matokeo hayo yalizua wimbi kubwa. Mwaka 1996 pekee vyeti vya daktari vya fen-phen vilipita milioni 18, na mwezi Aprili mwaka huohuo pacha wake, deksifenfluramini (Redux), ikaidhinishwa. Fenfluramini na fentermini kila moja ilikuwa na kibali chake, cha matumizi ya majuma machache. Mchanganyiko wenyewe, uliomezwa kwa miezi na miaka, haukupata kibali kamwe.

Madhara

Mapafu. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa Agosti 1996 ulionyesha kuwa kutumia dawa za jamii hii kwa zaidi ya miezi 3 kunaongeza mara 23 uwezekano wa kupata shinikizo la damu la mapafu, ugonjwa nadra lakini wa kuua.

Vali za moyo. Dalili za kwanza zilionekana katika mji wa Fargo, jimbo la North Dakota, ambako mpimaji wa eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) alianza kukuta vali zinazovuja kwa wanawake wa umri usio wa kawaida kwa tatizo hilo. Julai 1997 madaktari wa huko na wa Mayo Clinic walitangaza wagonjwa 24, wote wanawake, wastani wa miaka 44. Watano walikuwa wamekwisha kupasuliwa moyo. Madaktari wa upasuaji walikuta vali nyeupe zenye kung'aa, zimefunikwa na utando mgumu. Chini ya utando vali yenyewe ilikuwa nzima, mithili ya mlango uliopakwa rangi tabaka juu ya tabaka hadi ukakataa kufunga. Damu ikawa inarudi ilikotoka.

Chanzo ni norfenfluramini, zao la dawa hii mwilini, ambayo huamsha vipokezi vya serotonini aina ya 5-HT2B vilivyomo kwenye vali na kuzifanya seli zake ziongezeke.

Madhara haya yalijificha kikatili. Kuhema kwenye ngazi, uchovu na miguu kuvimba ni dalili za vali inayovuja, lakini mtu mnene akizitaja huambiwa ni uzito wake. Mizani ilisoma vizuri kila juma; moyo haukuwa na wa kuutazama.

Kuondolewa sokoni

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilikusanya vipimo vya watumiaji 291 wasio na dalili yoyote; takriban asilimia 30 walikuwa na kasoro kwenye vali. Fenfluramini na deksifenfluramini ziliondolewa pamoja. Mwaka 1999 kampuni iliyokuwa ikiziuza, American Home Products, ilikubali kulipa dola bilioni 3.75 kwa walioathirika. Fentermini ilibaki. Benfluoreksi, inayozaa norfenfluramini vilevile, iliendelea kuuzwa Ufaransa kwa jina la Mediator hadi 2009.

Matumizi ya sasa

Tangu Juni 2020 fenfluramini inaruhusiwa Marekani kwa kifafa cha Dravet, na tangu 2022 kwa kile cha Lennox-Gastaut. Mgonjwa hupimwa eko kabla ya kuanza, kila miezi 6 akiwa kwenye dawa, na tena baada ya kuacha.