Kilimo cha Wakara, Zamani na Sasa

Kaskazini ya Ukerewe, katika mkoa wa Mwanza, kiko kisiwa kidogo cha Ukara, ukubwa wake yapata kilometa za mraba 80 tu. Udongo wake ni wa kichanga katikati ya mawe makubwa, wala hauna rutuba nyingi. Walakini umewalisha Wakara vizazi kwa vizazi, pasipo wao kuhamahama kutafuta shamba jipya. Mwaka 1936 Waingereza wawili, Thornton na Rounce, walichapisha habari za kilimo hicho. Nazo zafaa kukumbukwa na kila mwalimu afundishaye watoto kulima.

Ng'ombe wa Mkara alifungwa nyumbani, katika shimo lililochimbwa sakafuni, akaletewa nyasi na majani ya miti. Samadi iliyopatikana humo ilichukuliwa kichwani, kikapu kwa kikapu, hata shambani. Karibu na ziwa walichimba mashimo yenye unyevu, wakaotesha humo majani ya ng'ombe. Katikati ya uwele walipanda mmea wa jamii ya marejea. Uwele ukiisha kuvunwa, mmea ule uliachwa ukue, kisha ukafukiwa kwa jembe uwe mbolea. Mtama na njugu mawe navyo vilikuwa na zamu yao. Tena ardhi ilikuwa mali ya mtu, ikirithiwa na kuuzwa, na miti pia ilikuwa na wenyewe. Kwa Msukuma wa zamani hayo yalikuwa mageni, maana kwao shamba liligawiwa na mwanangwa, wala halikuuzwa.

Wako wasemao kwamba Wakara ni wenye bidii kwa asili, na watu wa bara ni wavivu. Mimi sikubali. Tuwatazame Wakara waliohamia bara: wapatapo ardhi tele, huacha kubeba samadi, wakalima kama majirani zao. Wamehesabu jasho lao tu. Kazi ile ni nzito, na mapato ya siku moja ya kazi ni machache. Mtu huifanya pale ambapo hana shamba jingine la kwenda. Basi sisi tuhubirio samadi kwa watu wenye ardhi ya kutosha, tusishangae wakitusikiliza kwa adabu na kuendelea na yao.

Siku hizi mihogo imeenea sana visiwani, na tangu miaka ya 1980 biashara ya sangara imewavuta vijana wengi majini. Mahitaji mengi hutoka ng'ambo, na watu hawana budi kuvuka. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, kilichotoka Bugolora kikiwa kimejaa watu kupita kiasi, kilipinduka karibu na gati la Bwisya, Ukara. Watu 228 walikufa, na baadhi yao walizikwa pamoja huko Bwisya. Baadaye serikali iliunda kivuko kikubwa zaidi kwa ajili ya njia hiyo.