Waliosoma Nyasi za Augusta

Sisi wapenda vitabu tunadhani kusoma ni herufi tu. Kwenye gofu watu husoma nyasi: mteremko unaelekea wapi, majani yamelalia upande gani, mpira utapinda kiasi gani kabla ya shimo.

Kule Augusta, Marekani, hadi 1982 wachezaji wa Masters walilazimika kuwatumia wabeba fimbo wa klabu, Wamarekani weusi. Carl Jackson alianza 1961, akiwa na miaka 14. Ben Crenshaw aliyaamini macho yake, akashinda 1984 na 1995.

Klabu ilimpokea mwanachama mweusi wa kwanza 1990 tu. Orodha ya washindi inamtaja Crenshaw. Mimi naisoma nikiuliza: nani alimsomea nyasi?