Kwale wa Shituru: jina la zamani kuliko mji

Tukiongea historia ya Shituru, tunaongea shaba, tunasahau pori. Lakini mbele ya viwanda kulikuwa ndege mdogo wa chini, kwale, na wazee walimjua vizuri.

Jina lake ni la zamani sana. Wabemba wanasema inkwale, Wachewa wa Malawi nkhwali, Wakikuyu wa Kenya ngware. Ni neno moja, ambalo mababu Wabantu walitembea nalo. Mbele yake mji wetu ni mtoto: kiwanda cha Shituru cha kusafisha shaba kwa umeme kilianza mwaka 1929, na Jadotville iliitwa Likasi mwaka 1966.

Kwale anajificha. Ukikaribia, analala chini kimya; ukitaka kumkanyaga, ndipo anaruka kwa kishindo. Kwa hiyo wazee hawakumkimbiza. Walijenga ua mfupi wa matawi, wakaacha milango midogo, na katika kila mlango wakaweka kitanzi. Kwale anapenda kutembea kuliko kuruka: anafuata ua mpaka mlangoni. Mwenye kutega alipaswa kwanza kujifunza njia zake, saa za kulia kwake na mbegu anazokula. Ile ilikuwa masomo.

Sisi tuliokomaa kambini tulikuta bado wazee wenye kufundisha hivyo, ijapokuwa baba zetu walikula mshahara wa kiwanda. Tukiona mayai katika majani, tulisikia: «Muache ile, batoto. Mama yake atarudia.»

Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari. Jamaa nyingi zilitafuta maisha kwa mashamba ao kwa makala. Hatuwalaumu, nasi tunapika na makala yale. Lakini miti ikikatwa na moto ukipita kila mwaka, kwale anakosa maficho, na mtoto anakosa mahali pa kumwona.

Siku moja tuliomba wanafunzi wachore kwale. Karibu wote walichora kuku. Mmoja tu alichora ua wa matawi na milango yake: babu yake alikuwa amemuonyesha.

Kwa hiyo tunaomba jambo dogo. Kila mwanafunzi aulize nyumbani majina ya ndege wa pori kwa lugha ya babu yake, ayaandike katika daftari, pamoja na namna walivyotegwa. Tuandike sasa, wakati wazee wangali wako wa kutusahihisha.