Matembezi ya Majira ya Baridi na Haki ya Njia nchini Uingereza

Desturi ya marafiki kutoka pamoja katika majira ya baridi, wakiwa wamevaa viatu vizito na makoti, na kushika njia za mashambani kwa mwendo wa saa kadhaa, imeota mizizi nchini Uingereza, hasa siku ya Boxing Day, tarehe 26 Desemba, ambayo sheria ya mwaka 1871 iliifanya sikukuu ya mapumziko. Anayeitazama leo huenda akaiona kuwa burudani tu ya watu walioshiba chakula cha Krismasi. Lakini chini yake imelala historia ya mvutano mrefu kuhusu nani ana ruhusa ya kukanyaga ardhi ya nchi, na katika mvutano huo kikundi kilikuwa na uzito ambao mtembezi wa peke yake hakuweza kuwa nao.

Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ua ardhi ambazo wanakijiji walikuwa wakizitumia kwa pamoja kulishia mifugo na kuokota kuni, na jumla ya ekari milioni 6.8 hivi, kiasi cha sehemu moja ya tano ya England yote, zikawa chini ya mamlaka ya mmiliki mmoja mmoja. Njia za miguu zilizopita humo zilibaki mashakani, na sheria ya mwaka 1815 ilizidisha mashaka hayo kwa kuwapa mahakimu wawili uwezo wa kuifunga njia waliyoiona kuwa haina kazi. Na kwa kuwa mahakimu wa vijijini kwa kawaida walikuwa wenye mashamba wenyewe, si vigumu kufahamu kwa nini wakazi wa Manchester waliunda chama cha kuzitetea njia za kale mnamo 1826.

Kikundi cha marafiki kilichojulikana zaidi katika karne ya 19 kilitokea upande wa wasomi. Mwaka 1879 Leslie Stephen, mwandishi na mpanda milima ambaye baadaye alihariri kamusi kubwa ya wasifu wa Waingereza, na ambaye alikuwa baba wa Virginia Woolf, alianzisha pamoja na mwanasheria Frederick Pollock na mwanafalsafa George Croom Robertson kundi lililoitwa Sunday Tramps, ambalo kwa miezi minane ya mwaka lilitoka London kila baada ya Jumapili moja na kutembea mashambani siku nzima. Walipovuka mashamba ya watu na kukutana na mlinzi, walimtamkia tamko la kisheria lililotungwa na Pollock, kwamba hakuna hata mmoja wao aliyedai haki ya njia katika ardhi ile, kisha wakatoa shilingi moja iwe fidia. Tamko hilo lilikuwa la werevu na liliwakinga dhidi ya kesi, lakini linastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu watu hao walijinunulia mapito ya siku moja kwa kuikana haki ambayo maskini wa Manchester na Sheffield hawakuwa tayari kuikana.

Upande wa kaskazini, kati ya miji hiyo miwili ya viwanda, iko nyanda ya juu ya Kinder Scout, yenye mboji nyeusi, yaani udongo laini wa mimea iliyooza, na vichaka vifupi ambamo ndege wa jamii ya kwale walitunzwa kwa ajili ya bunduki za matajiri. Reli iliyofunguliwa mwaka 1894 kupitia bonde la Edale iliwafikisha wafanyakazi karibu kabisa na nyanda hiyo katika siku yao pekee ya mapumziko, na mnamo Septemba 1900 G. H. B. Ward, mfanyakazi wa kiwanda cha Sheffield na msoshalisti, aliwaalika watu kupitia gazeti la Clarion kuizunguka kwa miguu. Walijitokeza wanaume kumi na mmoja na wanawake watatu, na hapo kikazaliwa chama cha Clarion Ramblers.

Baridi ilikuwa na masharti yake. Mwezi Desemba jua la huko huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri, ukungu huficha alama zote, na mboji iliyolowa humeza mguu hadi gotini, kwa hiyo kuongozana na mtu aijuaye njia kulikuwa suala la kuokoa maisha. Wakati huohuo msimu wa kuwinda ndege wale, unaoanza tarehe 12 Agosti, hufungwa tarehe 10 Desemba, na wao huanza kutaga mayai majira ya kuchipua. Kwa hiyo hoja ya wamiliki kwamba watembeaji waliharibu uwindaji ilikuwa dhaifu kabisa katika wiki zilezile ambazo nyanda ilikuwa tupu na baridi kali.

Thamani ya kisheria ya kwenda pamoja ilidhihirika zaidi mwaka 1932. Mwezi Aprili watu wapatao 400, wakiongozwa na kijana wa miaka 20, Benny Rothman, waliingia Kinder Scout bila idhini, na watano kati yao wakafungwa jela. Tukio hilo limesimuliwa sana. Lisilosimuliwa sana ni sheria ya njia iliyopitishwa mwaka huohuo, iliyosema kwamba njia iliyotumiwa na umma kwa miaka 20 mfululizo, bila mabavu, bila siri na bila kuomba ruhusa, huchukuliwa kuwa imetolewa kwa umma, isipokuwa mmiliki athibitishe kwamba hakukusudia hivyo. Uthibitisho wa matumizi hayo ni ushahidi wa watu, na marafiki waliopita pamoja mwaka hadi mwaka, kiangazi na baridi, ni mashahidi bora kuliko mtu mmoja anayedai mwenyewe. Tamko la Pollock, kinyume chake, lingeifuta kila hatua iliyopigwa.

Sheria ya mwaka 1949 ilizitaka halmashauri za England na Wales kuchora ramani rasmi za njia, na eneo la Kinder likaingia katika hifadhi ya kwanza ya taifa mwaka 1951. Sheria ya mwaka 2000 iliruhusu watu kutembea huru katika nyanda zilizoainishwa, lakini pia iliweka kikomo cha mwaka 2026 cha kuandikisha njia za kale zisizokuwa kwenye ramani, kikomo ambacho baadaye kilisogezwa hadi 2031, na mwishoni mwa Desemba 2024 serikali ikatangaza nia ya kukifuta. Vikundi vya watembeaji vimekuwa vikizipekua ramani za uzungushaji ua za karne ya 18 na 19, nyaraka zilezile zilizowaondolea mababu ardhi, ili kupata humo mistari ya njia ambazo bado zinaweza kudaiwa.