Kilima cha Pala, Wavu na Hati

Siku moja, tukiwa darasani hapa Mengo, mwanafunzi wetu mmoja alituletea picha aliyoikata katika gazeti la kigeni. Pichani alionekana msasi wa Kimarekani ameketi ndani ya kibanda kidogo cha kitambaa chenye rangi za majani makavu, kibanda ambacho mtu aweza kukikunja na kukichukua mgongoni. Mkononi alishika upinde, na mbele ya tundu la kibanda mnyama mwenye pembe za matawi alikuwa akila majani bila habari. Mwanafunzi alikuwa na maswali mawili. La kwanza lilikuwa la msamiati: mnyama huyu aitwaje kwa Kiswahili? La pili lilitushinda kulijibu papo hapo. Maelezo ya chini ya picha yalisema kwamba pori lile ni ardhi ya umma, na mwenye kibali aweza kuwinda humo. "Na hapa kwetu, Mwalimu," akauliza, "pori la umma liko wapi?"

Swali la kwanza tulilimaliza upesi. Mnyama yule hana makazi ya asili katika nchi zetu, wala kokote kusini mwa Sahara. Waliotafsiri Biblia walipokutana naye katika Zaburi walitumia neno ayala, lenye asili ya lugha za Kisemiti. Wengine humwita kulungu, na hapo huwa wamempa mgeni jina la mwenyeji. Wanyama wetu wa jamii ya swala wana majina yao kamili, nasi walimu twapaswa kuona haya kidogo tunapowaacha wanafunzi waseme "swala" kwa kila chenye kwato na pembe. Mganda ana ngabi, ambaye Mswahili humwita mbawala au pongo. Ana njobe wa kwenye vinamasi, ambaye kwa Kiswahili ni nzohe. Ana mpeewo, yule mdogo aitwaye taya. Na ana mpala, ndiye swala pala wetu. Msomaji atazame mwenyewe jinsi mpala na pala yanavyofanana.

Jina hilo la mwisho ndilo lililoupa mji mkuu wa Uganda jina lake. Kabla ya kuwapo barabara na maduka, ng'ambo ya bonde kutoka Mengo palikuwa na kilima ambacho, kwa masimulizi yanayojulikana sana, Kabaka alikuwa na swala wake na mahali pake pa kuwindia. Watu wakakiita kilima cha mpala, Kasozi k'Empala. Mwezi wa Desemba 1890 Kapteni Lugard alifika na kupiga kambi juu ya kilima hicho, akajenga ngome, na jina likasimama katika barua na ramani kama Kampala.

Sasa twende kwenye swali la pili. Ili kulijibu, yafaa kwanza tujue Waganda waliwindaje. Upinde haukuwa silaha yao kuu. Upinde ulikuwa maarufu zaidi kwa majirani, kama Wahima wa Nkore, na mbali zaidi kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao wakati wa kiangazi hujificha usiku karibu na maji na kumngoja mnyama aje kunywa. Huyo msasi wa pichani angeelewana nao bila mkalimani. Silaha ya Mganda ilikuwa mkuki, na mwenzake mkuki ni wavu. Nyavu zilifumwa kwa kamba ngumu, kila mtu na wake, kisha zikaunganishwa ncha kwa ncha hata zikafanya ukuta mrefu uliopinda porini. Nyuma ya nyavu walijificha watu wenye mikuki na marungu. Upande wa pili waliingia wapigaji kelele na mbwa waliofungwa njuga shingoni, ili wasasi wajue mbwa wamefika wapi ndani ya majani marefu. Kabla ya kutoka, Ddungu, lubaale wa uwindaji, alipewa haki yake.

Wawindaji wa tembo walikuwa na njia yao. Walipanda miti iliyo juu ya mapito ya wanyama, wakangoja kimya, wakamchoma mnyama kwa mkuki mzito alipopita chini. Hapa mwalimu wa Kiswahili hawezi kuacha kutabasamu, kwa maana katika Kiswahili dungu ni ule ulingo wa juu ambao mlinzi wa shamba hukaa akivizia ndege na nguruwe. Hatudai kwamba maneno haya mawili yana asili moja. Twasema tu kwamba yanakumbukika vizuri yakifundishwa pamoja.

Usasi wa nyavu haukuwa kazi ya mtu mmoja, na kwa sababu hiyo nyama pia haikuwa ya mmoja. Mwenye wavu alikuwa na fungu lake, aliyetangulia kuchoma na lake, mwenye mbwa na lake, na mtawala wa mahali hakusahauliwa. Hata hivyo si kila mtu aliruhusiwa kila mnyama. Mtu wa ukoo wa Ngabi hamuui wala hamli ngabi, na wa ukoo wa Mbogo hivyo hivyo kwa nyati. Ardhi yote ilihesabiwa kuwa chini ya Kabaka, lakini pori lisilolimwa lilikuwa mahali pa watu kupata kuni, nyasi za kuezekea, na nyama. Hilo ndilo pori la umma, ingawa hakuna aliyeliita hivyo.

Mambo yalibadilika katika mwaka mmoja, 1900. Tarehe 10 Machi, hapa hapa Mengo, Mkataba wa Uganda ulitiwa sahihi kati ya Sir Harry Johnston na viongozi wa Buganda, Kabaka Daudi Chwa akiwa bado mtoto, na Apolo Kaggwa akiwa mmoja wa watawala kwa niaba yake. Kwa hati hiyo maili za mraba 8,000 zilikadiriwa kwa machifu na wenye mali 1,000, ndiyo ardhi tunayoiita mailo hata leo; na maili za mraba 9,000 za pori na ardhi isiyolimwa zikawa chini ya Serikali ya Kiingereza. Mwenye bunduki alitakiwa kulipa kodi ya rupia 3 kwa mwaka. Tarehe 19 Mei ya mwaka uo huo, mataifa yenye makoloni yalitia sahihi huko London mapatano ya kuhifadhi wanyama wa Afrika, na miongoni mwa mambo yaliyokubaliwa kupunguzwa ni matumizi ya nyavu na mashimo ya kutegea.

Mapatano ya London hayakupata kuthibitishwa kikamilifu, lakini fikra zake ziliingia katika kanuni za makoloni. Hati ya Mengo iliondoa pori mikononi mwa watu. Ile ya London ilikitazama kwa jicho baya chombo chao cha kuwindia. Bunduki yenye kibali ikawa usasi wa heshima, na wavu wa babu ukaelekea kuitwa ujangili. Hatusemi kwamba wanyama hawakuhitaji kulindwa. Bunduki na biashara ya pembe zilikuwa zimekwisha kufanya uharibifu mkubwa. Lakini twaona ajabu kwamba aliyezuiwa kwanza alikuwa mwenye kamba.

Leo wanyama wa Uganda wako chini ya Mamlaka iliyoundwa mwaka 1996, na kuwinda bila idhini ni kosa. Pala hayupo tena Kampala. Juu ya kilima cha zamani umesimama msikiti mkubwa wa taifa. Anayetaka kumwona huelekea Ziwa Mburo, katika nchi ya Nkore, pori lililofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1983, na wafugaji waliokuwa wakiishi humo wakaondolewa.

Mambo hayo tulimweleza mwanafunzi wetu wiki iliyofuata. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akatuuliza kiingilio cha Ziwa Mburo ni shilingi ngapi.