Uzi: Ligi moja ya Afrika Mashariki?

1/ Kila mjadala wa Jumuiya, hili hurudi: Gor Mahia, Simba, Yanga na vilabu vya Uganda vicheze ligi moja. Hapa barazani Kuze wengi waunga mkono. Hata mimi, mpaka nikasoma historia.

2/ Kombe la vilabu la CECAFA lilianza 1974, Simba ikabeba. 1977 Jumuiya ikavunjika, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983. Kombe halikufa: 1978 KCC ya Uganda ikalichukua.

3/ Lakini kombe ni wiki chache. Ligi ni nyumbani na ugenini msimu mzima. Serikali mbili zikikosana, mechi ya Jumamosi yachezwa wapi?

4/ Na mlango je? Feisal ya Mombasa ilikuwa bingwa wa Kenya 1965. African Football League ya 2023 ilichukua vilabu 8: Simba ndani, cha Kenya hata kimoja.

5/ Kwa hivyo akija mtu kuwaahidi ligi, muulizeni: mpaka ukifungwa itakuwaje? Na bingwa mdogo aingilia wapi? Mimi nitaunga mkono akijibu yote mawili. Nyinyi mwasemaje?